Maegesho kwenye fleti za Shirika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapangaji wa Dar es Salaam

Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji kwenye fleti zetu hapa Ilala, mwaka wa saba sasa. Malalamiko nayaandika kwenye kaunta buku, na nimeshamaliza tatu. Ya maji yapo, ya muziki wa usiku yapo, ya mbuzi wa Idi waliofungwa kwenye ngazi yapo. Lakini fungua ukurasa wowote, hukosi neno gari. Kuna majirani waliolea watoto pamoja, waliozikiana wazazi, leo wanapishana kwenye ngazi kimya kwa sababu ya kipande cha ardhi cha mita mbili na nusu kwa tano. Jambo hilo linaniuma sana, ndiyo maana nimekaa nikaandika majibu haya. Nikisema Shirika namaanisha Shirika la Nyumba la Taifa, kama tunavyoliita sote, ingawa mengi ya humu yanawafaa pia waliopanga nyumba za Wakala wa Majengo (TBA).

Mbona zamani hatukugombania maegesho?

Kwa sababu magari hayakuwepo. Shirika lilianzishwa mwaka 1962, na fleti nyingi tunazokaa zilijengwa miaka ya 1960 na 1970, wakati mwenye gari kwenye jengo zima alikuwa mmoja au wawili, na mara nyingi gari lenyewe lilikuwa la ofisi. Majengo ya Upanga, Kariakoo na katikati ya mji yaliyotaifishwa mwaka 1971 yalikaa chini ya Msajili wa Majumba hadi alipounganishwa na Shirika mwaka 1990. Mengi ya hayo yalijengwa mlango ukitazama barabara, uwanja wa ndani ukiwa wa kufulia na kupikia. Aliyechora fleti zetu aliacha nafasi ya kamba za nguo, watoto na upepo. Magari hakuyawaza.

Sasa tazama hesabu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka kwa miaka 10, na uwanja wetu haujaongezeka hata hatua moja. Gari dogo la mtumba kutoka Japani, IST au Vitz au Passo, leo analimudu mwalimu na nesi. Kijana wa ghorofa ya tatu anaendesha gari la mtandao, anarudi saa tisa usiku akiwa amechoka, anakuta kila mahali pamejaa.

Kuna jambo jingine ambalo nimelitafakari muda mrefu. Mtu aliyekulia uswahilini amezoea kuwa mbele ya mlango wake ni pake. Ndipo anapoanika, ndipo anapoketi jioni, ndipo anapoweka pikipiki. Kaya 644 za Magomeni Kota zilizofunguliwa maghorofa mapya Machi 2022 zilitoka kwenye nyumba za chini, kila mmoja akiwa na mbele yake. Ukimpandisha mtu ghorofani, mbele ya mlango wake panakuwa pa watu wote, na hakuna anayekaa naye akamweleza hivyo siku anapokabidhiwa ufunguo.

Nimepaki sehemu ileile miaka kumi. Si imeshakuwa yangu?

Hapana. Najua jibu hili linaudhi, na wengi wanaoniuliza ni wazee ninaowaamkia shikamoo.

Ulichopanga ni vyumba vyako, na mkataba unavitaja kwa namba. Uwanja ni wa mwenye nyumba, yaani Shirika, na sisi wapangaji wote tunautumia kwa pamoja. Kupaki mahali kwa muda mrefu kunakupa mazoea, na mazoea yanastahili heshima ya kijirani. Mtu mpya akifika asivamie kivuli cha mti ambacho mzee amekitumia tangu enzi za Datsun yake. Ila akivamia, mzee hana karatasi ya kumtoa.

Kilichotusaidia hapa kwetu ni kutenganisha maneno mawili, yangu na zamu yangu. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini alikasirika mwanzoni. Tulipomwonyesha kuwa katika kaya 24 za jengo letu kuna magari 17 na nafasi halisi ni 9, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nane kati yenu wanalala barabarani kwa ajili yangu na wenzangu." Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali rota.

Mkataba wangu hausemi lolote kuhusu gari. Je, nina haki ya nafasi?

Kama mkataba hautaji nafasi ya gari, basi hukupangishwa nafasi ya gari. Una haki ya kutumia uwanja sawa na wenzako. Kama umeambiwa kwa mdomo na ofisa kwamba nafasi fulani ni yako, andika barua ofisini kwao uombe uthibitisho wa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Neno la mdomo halitakusaidia ofisa akihamishwa.

Naruhusiwa kuweka jiwe, kiti au tairi la zege kushika nafasi?

Usiweke.

Naomba nieleze kwa nini, maana hili ndilo lililotugharimu zaidi. Mpangaji mmoja alitengeneza kile kitu mnachokijua: tairi kuukuu limejazwa zege, katikati limesimikwa bomba la chuma, limepakwa rangi nyekundu na nyeupe kama la ofisini. Akawa akitoka asubuhi analisogeza kwa mguu hadi kwenye nafasi yake. Baada ya wiki mbili yakawa matairi matano. Mwezi wa tatu yakawa kumi na moja kwenye uwanja wenye nafasi tisa, mengine yameshikia magari ambayo hayajanunuliwa. Mchana kutwa uwanja ulikuwa mtupu na hakuna anayeweza kupaki, hata daktari aliyekuja kumwona mgonjwa.

Usiku mmoja jirani aliyerudi na watoto wamelala kwenye gari alishuka akaliinua tairi moja, akalisimamisha pembeni kwa ukingo wake. Uwanja wetu una mteremko kuelekea mtaroni. Tairi likaanza kubingirika polepole, akalifuata, halikushikika, likagonga bomba la maji linalopanda kwenye jengo. Bomba lilikatika palepale kwenye kiungio. Maji yaliruka kama futi sita. Valvu ya kufungia ilikuwa imeshika kutu, na fundi alipatikana saa mbili asubuhi. Ghorofa nne zilikaa bila maji siku tatu. Watu walichota kwa ndoo kutoka msikitini, na hakuna aliyeuliza tena kosa lilikuwa la mwenye tairi au la aliyelisogeza.

Tangu siku hiyo kamati iliamua kwamba chochote kitakachokutwa kimeshikilia nafasi kinapelekwa kibandani kwa mlinzi, na mwenyewe atakichukua mbele ya kamati siku ya Jumamosi. Anaporudishiwa hatutozi faini wala hatumtukani. Anaulizwa tu kama amejiandikisha kwenye rota.

Ile chuma ya kukunja yenye kufuli inayochimbiwa chini nayo ni hivyohivyo, tena ni mbaya zaidi kwa sababu unachimba ardhi ya Shirika bila kibali. Na usiku inakwaza watu. Tumeshamkimbiza hospitali ya Amana mama mmoja kwa ajili hiyo.

Nimezibiwa na nina dharura. Nifanye nini?

Kwanza tazama kwenye dashibodi. Tumewaomba wote wanaozibana kuacha namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, ionekane kupitia kioo cha mbele. Asiyekuwa na namba, mlinzi ana daftari la namba za magari na vyumba.

Pili, panda umgongee, au umtume mtu. Usipige honi. Honi ya saa kumi na moja alfajiri inawaamsha watu mia ili kumpata mmoja, na huyo mmoja mara nyingi ndiye mwenye usingizi mzito kuliko wote. Ukigonga, anza kama unavyoanza mlango wowote: "Hodi. Jirani, samahani kwa usumbufu, nina mgonjwa hapa, naomba unichomolee gari." Nimesimama kwenye milango mingi usiku na nimeona tofauti. Anayeanza kwa hodi na samahani anashukiwa kwa kandambili mbio. Anayeanza kwa "Wewe nani kakwambia upaki hapo" anasubirishwa mtu atafute shati, atafute ufunguo, atafute na miwani.

Kama ni mgonjwa wa haraka, usingoje mlango ufunguliwe. Pigia bajaji au jirani mwenye gari lililo wazi wakati mtu mwingine anaendelea kugonga.

Wapo wanaoacha gari bila handbreki, gia ikiwa huru, ili atakayezibiwa alisukume. Kariakoo inafanyika kwa kuwa barabara zake ni tambarare. Kwenye uwanja wenye mteremko kama wetu, tafadhali msifanye. Wala msimwachie mlinzi ufunguo. Mlinzi wetu ni mtu mwema na mwaminifu, lakini hana leseni, na siku akikwangua gari atalipa kwa mshahara upi?

Jirani amenitoa upepo, au amenichuna gari kwa msumari. Nimshitaki?

Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, chini ya kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kwenda kituo cha polisi ukafungua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kabla hujaondoa gari, piga picha mahali lilipo, piga na picha za karibu, uliza nani aliona na saa ngapi, muulize mwenye duka la mbele kama kamera yake inafika uwanjani. Ukilisogeza kwanza, ushahidi umeondoka nalo.

Suala la kutoa upepo tunapendelea kulimalizia kwenye kamati kama ni mara ya kwanza. Anayetoa upepo analipa pampu na usumbufu, na anaomba radhi mbele ya watu watatu. Akirudia, kamati inaandika barua kwa mwenye nyumba.

Naomba sana jambo moja. Usimtaje mtu kwenye kundi la WhatsApp la jengo kabla hujawa na uhakika. Mwaka juzi jirani alimtaja kijana fulani kuwa amemchuna gari, akaweka na picha yake. Siku mbili baadaye ikajulikana kuwa ni toroli la muuza maji lililopita kwa kubanana. Picha ilikuwa imeshafika kazini kwa yule kijana. Radhi aliombwa, ila mama yake hadi leo hapiti upande ule wa uwanja. Kumbuka pia kwamba lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani nayo ni kosa, kifungu cha 89 cha sheria hiyohiyo. Mwenye gari lililochunwa anaweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa.

Kuhusu bima: bima ndogo inamfidia yule uliyemgonga wewe, haitatengeneza gari lako lililochunwa na asiyejulikana. Bima kubwa ndiyo ya kuuliza, na uliza mapema kwa maandishi kama inafunika uharibifu wa makusudi.

Mpangaji mwenzetu anakodisha nafasi yake kwa mfanyabiashara wa Kariakoo. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Kupangisha kwa mgongo wa Shirika ni jambo ambalo limekuwa likipigwa vita miaka mingi, na kukodisha kipande cha uwanja usichokuwa na mkataba nacho ni zaidi ya hapo, kwa sababu unauza cha wenzako. Utalitambua gari la aina hiyo: linaingia saa moja asubuhi, linatoka jioni, mwenyewe hamjui hata salamu za jengo, na mlinzi anapewa ya chai.

Tulipoongea na jirani yetu aliyekuwa akifanya hivyo tulikuta mumewe amepoteza kazi na ile hela ndiyo ilikuwa ya mboga. Tulimpa mwezi mmoja wa kujipanga na kamati ikamtafutia tenda ya usafi wa ngazi. Haikuwa hela ileile, lakini aliacha. Nayasema haya kwa sababu watu wengi wanataka tuanze na barua ya Shirika, na barua ya Shirika ikishaandikwa mtu anaweza kupoteza nyumba.

Kuna gari bovu limekaa juu ya mawe miaka sita. Tulivute?

Msilivute wenyewe. Hata likiwa limeota nyasi, lina mwenyewe, na mkilivunja kioo au likapotea injini mtaulizwa nyinyi.

Magari haya ni ya aina mbili. La kwanza ni la mtu aliye hai anayengoja hela ya injini. Huyu mnazungumza naye, mnampa muda wa maandishi, mnamtafutia fundi wa kulichukua au mnunuzi wa vyuma chakavu. Tuliwahi kumchangia jirani gharama ya breki dauni ili likalale kwa shemeji yake Mbagala, na nafasi ikapatikana siku hiyohiyo.

La pili ni la marehemu. Hili ni gumu. Watoto hawajaelewana, mjane anaogopa kuligusa ataambiwa ameuza mali ya baba, na gari linabaki pale kama kaburi. Hapa mtu mnayemtafuta ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa sababu yeye ndiye mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali ya marehemu. Kama hajateuliwa, waelekezeni ndugu mahakama ya mwanzo, na nendeni na ubani wenu mkononi na maneno ya pole hata kama msiba una miaka minne. Corolla iliyokuwa kwetu ilikaa hivyo muda mrefu. Siku ilipoondoka tulikuta chini yake mpira wa watoto, kandambili za rangi zote na paka mwenye watoto wanne. Mjane alisimama dirishani akaangalia mpaka ikatokomea kona. Nafasi ile ilikaa wazi siku moja nzima, hakuna aliyepaki pale hadi kesho yake. Hatukuwa tumepanga, ilitokea tu.

Msiba au shughuli ikitokea, magari yaende wapi?

Msiba hauna mjadala. Turubai likija, kila mwenye gari anatoa bila kuombwa mara mbili, na hapa kwetu haijawahi kushindikana. Tunazungumza na shule au msikiti wa jirani, magari yanalala huko siku tatu.

Harusi, singo na vigodoro ni jambo la kupanga. Taarifa iwe kwenye ubao siku saba kabla, kibali cha serikali ya mtaa kiwepo, na mwenye shughuli ndiye anayetafuta pa kulaza magari ya wenzake. Asitangaze saa kumi jioni kwamba turubai linafungwa saa kumi na moja.

Bajaji na bodaboda nazo zihesabiwe?

Zihesabiwe. Bajaji nyingi si za anayeiendesha. Ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila siku, na ikiibwa usiku mmoja ameingia kwenye deni la miaka. Kwa hiyo anapoomba pa kuiweka mbele ya macho ya mlinzi anaomba riziki yake. Nafasi moja ya gari inachukua bajaji tatu bila kubanana, basi tulitenga moja na ikatosha.

Bodaboda tulikuwa tukizificha chini ya ngazi. Tumekomesha. Tangi la petroli linalovuja chini ya ngazi, hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa la mtu, na ngazi hiyo ndiyo njia pekee ya kutokea kwa familia 24. Sihitaji kusema zaidi.

Wageni?

Kwa muda wa saa mbili, penye nafasi, na namba ya simu kwenye dashibodi. Anayelala amjulishe mlinzi.

Watoto wamevunja kioo cha gari kwa mpira. Nani alipe?

Mzazi na mwenye gari wakae. Desturi yetu ni mzazi kulipa nusu kama gari lilipaki ndani ya mistari, na kutolipa kitu kama lilipaki kwenye kile kipande tulichowaachia watoto. Ndiyo, tuliwaachia kipande. Kingeweza kuchukua magari mawili. Mkutano ule ulichukua saa tatu, na mama mmoja asiye na gari alisimama akauliza, "Wanangu wakacheze Uhuru Road?" Hakuna aliyekuwa na jibu la swali hilo.

Nani apewe nafasi ya karibu na ngazi?

Mtu mwenye ulemavu, mgonjwa anayekwenda kusafishwa figo au kliniki mara kwa mara, na mzee asiyeweza kutembea mbali, kwa mfuatano huo. Hizi hazimo kwenye kura. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kuyafikia na kuyatumia majengo kama wengine, na hata isingekuwepo, mwenye kiti cha magurudumu kwenye masika, uwanja ukiwa tope, hawezi kusukumwa mita hamsini. Nafasi inafuata mtu, haifuati gari. Kama anayeendesha ni mjomba wake na leo hayuko na mgonjwa, mjomba atapaki kwingine.

Kwa nini mnakataza kupaki kwenye njia ya kuingilia hata usiku?

Gari la zimamoto. Lina upana unaokaribia mita mbili na nusu, na linahitaji nafasi ya kukata kona na watu kushuka na mipira ya maji. Ukipiga 114 saa nane usiku halafu gari likafika likakwama kwenye geti kwa sababu ya Noah moja, hakuna kamati itakayokuwa na maneno ya kusema kesho yake. Tumepaka mistari ya njano, na hapo hatuna msamaha kwa yeyote, hata mwenyekiti wetu ameshatolewa.

Pia msipaki juu ya mifuniko ya chemba. Gari la kunyonya maji taka likija linalipwa kwa safari. Wiki ile lilipogeuka bila kunyonya kwa sababu mwenye gari alikuwa Morogoro na ufunguo wake, chemba ilifurika hadi kwenye milango ya ghorofa ya chini, na waliokuwa wakipiga deki kwa dawa ni watu wasio na gari hata moja.

Tukishindwana, tupeleke wapi?

Anzeni na kamati yenu. Kama hamna kamati, mjumbe au mzee anayeheshimika atawakalisha. Ikishindikana, nendeni serikali ya mtaa kwa mtendaji au mwenyekiti, ambaye ataandika muhtasari, na muhtasari huo una thamani mkifika mbele. Sambamba na hilo, mwandikieni Shirika kama mwenye nyumba, kwa sababu mamlaka juu ya uwanja ni yake.

Watu wengi hunitajia Baraza la Kata wakidhani litatoa hukumu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi imebaki kuwa usuluhishi. Hukumu za ardhi na nyumba ziko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ugomvi wa nani apaki wapi kati ya wapangaji wawili si wa kuufikisha huko ukiwa bado na jirani wa kuzungumza naye. Kama mgogoro wako ni na mwenye nyumba mwenyewe, Sheria ya Ardhi ya 1999 inakupa haki ya kukaa kwa amani katika ulichokipanga. Hapo mwone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria.

Sisi tumenunua fleti, hatujapanga. Yanatuhusu?

Kwenu kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008. Maeneo ya pamoja ni yenu nyote, na mnatakiwa kuwa na umoja wa wamiliki wenye kanuni zake. Tazama hati yako kama inataja nafasi ya gari. Wapangaji wenu nao waambieni kanuni hizo kabla ya kuhamia.

Barabarani nje ya geti je?

Barabara ni ya umma. Huwezi kuweka koni mbele ya ukuta ukasema pako, na penye ushuru wa maegesho utalipa kama mpita njia yeyote.

Tunaanzaje kugawa nafasi bila kugombana?

Hesabuni kwanza, zungumzeni baadaye. Sisi tulikosea tukaanza na mkutano, na mkutano ukavunjika kwa kila mtu kudhani magari ya wenzake ni mengi. Mara ya pili vijana wawili walipita mlango kwa mlango na daftari: chumba, gari, namba, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Ile safu ya saa ndiyo iliyotuokoa. Tuligundua nesi wa zamu ya usiku anatoka saa moja jioni, saa ileile anayorudi mwenye duka. Nafasi moja ikawatosha wawili bila hata kukutana.

Kisha tulipima kwa futi kamba. IST haifiki mita nne kwa urefu, Noah inazidi nne na nusu, kwa hiyo pale penye kona fupi tuliweka magari madogo pekee. Tukachora kwa chokaa kwanza, tukakaa nayo mwezi mzima kabla ya kununua rangi, maana chokaa inafutika mkikosea, na tulikosea mara mbili. Ukuta wa kaskazini una mwarobaini wanakolala kunguru, na hakuna aliyetaka nafasi ile licha ya kivuli chake chote. Tukaipa siku za bure: aliyeikubali hahesabiwi zamu.

Zilizobaki tulipiga kura, vikaratasi kwenye ungo, mtoto wa miaka sita akiokota. Kila miezi mitatu tunazungusha. Masika tunabadilisha tena, kwa kuwa nafasi tatu za chini zinajaa maji, na waliopangiwa huko wanapandishwa juu bila kungoja zamu. Ratiba inabandikwa kwenye ngazi, imesainiwa na kila kaya, hata zisizo na gari. Hizo zisizo na gari msizisahau. Uwanja ni wao pia, na wao ndio wanaoamua ugomvi wenu bila upendeleo.

Jirani mwenyewe ni mkubwa serikalini, au ni askari. Naogopa kumwambia.

Usiende peke yako, na usiende usiku. Twende watatu, mmoja wao awe mzee, tubishe hodi Jumapili baada ya chakula cha mchana, tukae, tuulize hali, ndipo tutoe ratiba. Mara tatu nimeenda hivyo kwa watu niliokuwa nikiwaogopa. Wawili walikuwa hawajui kabisa kwamba wanaziba mtu. Wa tatu alitugombeza, akafunga mlango, na asubuhi gari lake lilikuwa ndani ya mistari.

Nategemea gari langu litafika bandarini mwezi ujao. Nimwone nani?

Niite kabla hujalitoa bandarini. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, kibandani kwa mlinzi, na urefu wa gari umeandika kwenye karatasi. Kwa sasa nafasi ya chini karibu na mtaro ina mtu mmoja tu wa mchana, kwa hiyo kama unarudi kazini baada ya saa kumi na mbili jioni, tunaweza kuwapanga pamoja.